Kambare Mwenye Alama ya Bata

Jumanne ya tarehe kumi na nane Februari, mwaka jana, mke wangu Chanhom alijifunga kapu lake kiunoni akateremka mtoni kuvuna mwani, na ilipofika saa nne asubuhi sikuwa tena na mke.

Mwani wetu huota kwenye mawe ya mtoni miezi ile maji yanapokuwa machache na safi. Wanawake huingia hadi magotini, huuvuta taratibu kama wanaochambua nywele za mtoto, huusuuza, kisha huutandaza juani na kuunyunyizia ufuta. Chanhom ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akisema basi, wanatoka majini. Akisema jazeni kwanza, hakuna wa kubisha.

Siku hiyo bwawa la juu lilifungua milango. Halikumwuliza mtu. Maji yakashuka kwa mkupuo yakawakuta wanawake wanane katikati ya mawe. Sita walishika vichaka vya ukingoni. Chanhom na Latsamy, binti wa Mama Phengsy, msichana wa miaka kumi na tisa, tuliwapata jioni kule chini kwenye kona ya mchanga. Chanhom kapu lake lilikuwa bado kiunoni. Lilikuwa limejaa.

Kumbukeni hilo kapu. Watu walilikumbuka sana.

Sasa niwaeleze habari ya king'ora, maana bila king'ora hamtaelewa kwa nini mtu mzima kama mimi hataki kumsalimia mtu yeyote mwenye shati jeupe. Novemba iliyotangulia kampuni ya bwawa ilituletea king'ora: spika kubwa ya bati, mdomo umepanuka kama ua la boga, juu ya mlingoti wa chuma pale kivukoni. Kazi yake ni kutuonya maji yakifunguliwa. Mabwana wa wilaya walikuja na magari matatu, utepe ukakatwa, nyati akachinjwa, tukafungwa nyuzi nyeupe mikononi za kututakia heri, pombe ya mchele ikanywewa mpaka mbwa wakaionea huruma mitungi. Bounlap rafiki yangu, ambaye akilewa huuliza maswali mazuri, akapaza sauti:

“Mbona hamkipigi tukakisikia?”

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Vilaysak, akacheka. “Kikipigwa bure watoto watakimbilia msituni, kaka. Mtakisikia siku ya hatari.”

Tukapiga makofi. Ndiyo, na mimi nilipiga. Nyama ya nyati ilikuwa mdomoni.

Baada ya yale maji ya Februari, mlingoti tuliukuta umelala na spika haipo. Mwenyekiti akasema maji yameichukua. Kisha mabwana wa wilaya wakaja na mashati yao meupe, wakakaa siku moja chini ya feni, wakaandika. Na walichoandika kilisomwa kwa ile spika nyingine, ya hekaluni, inayotuamsha kila alfajiri kwa matangazo ya chanjo na usafi wa vyoo. Ile haijawahi kuharibika hata siku moja. Ikatangaza nyumba zote zikasikia: wanawake walionywa kwa king'ora mara tatu, hawakutii.

Mwenyekiti mwenyewe aliapa. Alikuwa barazani kwake anakunywa kahawa, akakisikia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wawili watatu wanaokula kwake wakakumbuka ghafla kwamba wao pia walisikia. Wale wanawake sita waliopona walisema hawakusikia ila maji. Wakaambiwa hofu huziba masikio. Mimi nilisema nilikuwa mlimani nakata mianzi na sikusikia kitu. Bwana mmoja, kijana, umri wa mwanangu kama ningekuwa naye, akaniambia, “Mjomba, na hilo panga lako linavyogonga mwanzi, ungesikia nini?” Wenzake wakatabasamu. Nilikuwa nimemzika mke wangu juzi yake.

Kuanzia hapo kifo kikawa cha Chanhom. Sio cha bwawa. Watu walianza: kapu lilikuwa limejaa, bwana. Mnamjua Chanhom, haachi kazi katikati. Atakuwa alisikia akasema jazeni kwanza. Mama Phengsy, ambaye alikuwa akikaa jikoni kwetu kama kwake, akanisimamisha bombani mbele ya wanawake wote.

“Mkeo aliniulia mtoto kwa ubishi wake,” akasema. “Na wewe usinisalimie tena, Sengphet. Ukiniona, pita.”

Nikawa napita.

Na niseme ukweli, kwa sababu hili ndilo lililokuwa likinila kuliko matusi. Chanhom alikuwa mbishi. Miaka thelathini na moja nimekaa naye, namjua. Mvua ikinyesha mpunga uko juani, yeye atamalizia kwanza kumtukana bata ndipo akimbie. Usiku nalala namsikia akisema, “Kidogo tu, tumalize.” Nikawa sijui. Kumlilia mtu huku hujui kama ndiye aliyejiua na kuua mtoto wa mwenzake, hicho ni kitu gani? Hao waliokaa chini ya feni waliniachia hicho nilale nacho.

Wiki moja baada ya mazishi, Mwenyekiti akapiga marufuku uvuvi kwenye kilindi cha juu, lile shimo la mto lililo juu ya maporomoko. Kwa heshima ya marehemu, akasema. Akasimika ubao wenye picha ya samaki aliyekatwa mstari mwekundu. Watu wakalia kwa jinsi alivyo na moyo. Siku ya mia moja tukaenda pale na watawa, kila nyumba ikamwachia samaki mmoja mzima majini ili thawabu iwafikie marehemu. Mimi nilinunua kambare wa mtoni, dume la nguvu, na kabla ya kumwachia nilimkata pembe mbili ndogo, mikato yenye ncha, kwenye kile kipande cha nyama laini kilicho mgongoni karibu na mkia. Chanhom ndivyo alivyokuwa akiwafanya bata wake: anakata pembe mbili kwenye utando wa mguu wa kushoto, ili jirani asije akasema huyu ni wangu. Nikamwambia yule kambare, haya, wewe ni wa Chanhom. Nenda.

Ndipo mwezi uliopita ikaja habari kwamba kijiji chetu kimechaguliwa kuwa kijiji cha mfano. Mfano wa nini? Wa usalama wa mtoni na ulinzi wa samaki. Usalama wa mtoni! Spika ya hekaluni ilirudia alfajiri tatu mfululizo: kila nyumba itoe mtu, wanawake wavae sketi zao za hariri, cheti kitakabidhiwa.

Siku hiyo asubuhi nilitoa mshipi wangu uliokuwa umekaa darini. Nikafinyanga wali wa kunata na samaki wa kuvundikwa, chambo kinachonuka mpaka paka wa jirani akanifuata. Sikuwa na hamu ya samaki. Nilitaka kuvua palepale walipoandika usivue, saa ileile wanayopeana cheti. Basi. Mtu akikosa mahali pa kupeleka hasira yake huipeleka anakoweza.

Njiani nikakutana na Bounlap, amevaa viatu vya shemeji yake, anatembea kama kuku aliyefungwa kamba.

“Kaka Sengphet! Na mshipi? Leo si mkutano?”

“Naenda mkutanoni kwangu.”

“Wa nani huo?”

“Wa samaki. Wao hawapigi makofi.”

Alinitazama, akatazama upande wa kilindi, akaelewa. “Watakutoza faini, ohoo. Vilaysak anakutafutia sababu siku nyingi.”

“Mwambie sababu imekwenda kwa mtumbwi.”

“Mimi sijakuona,” akasema, akaanza kuchechemea kwenda zake. Kisha akageuka: “Ukipata mwenye mafuta, nyumba yangu unaijua!”

Nikapiga kafi. Toka kivukoni mpaka kilindini ni mwendo wa kumaliza sigara moja, lakini lazima ushuke uvute mtumbwi kwa kamba pale kwenye maporomoko, maana hakuna mtu wala chombo kinachopanda pale bila kuvutwa. Maji yalikuwa chini kuliko nilivyowahi kuyaona. Bwawa lilikuwa limeyafungia. Mawe ambayo baba yangu aliyajua kwa miguu tu, mimi nayaona kwa macho, yamekauka yana vinyesi vya ndege. Wakitaka wanatuzamisha, wasipotaka wanatukausha, na katikati yake wanatupa cheti.

Nikaufunga mtumbwi kwenye ule ubao wa marufuku. Ulikuwa nguzo nzuri, imara. Nikatupa mshipi.

Wa kwanza kushika alikuwa perege. Nikamtazama. Perege mtoni kwetu? Mnene, mweupe tumboni, mvivu hata hakupigana, alikuja kama mtu anayeitwa kula. Ametoroka kwenye vizimba vya kampuni kule juu. Hata samaki wao wanatuletea bila kutuuliza. Nikamtupa ndani ya mtumbwi. “Kaa hapo, mtumishi,” nikamwambia.

Wa pili akavuta kwa uzito, nikasema hapa ndipo. Kumbe ni kobe laini, yule mwenye pua kama mrija, amekasirika kuliko mimi. Akang'ang'ania ukingo wa mtumbwi, ananipulizia. Tulitazamana. Nikaona huyu ana haki zaidi ya kuwa pale kuliko mimi na Mwenyekiti tukichanganywa. Nikamkatia mshipi, akaondoka na ndoano yangu, sikumlaumu.

Nilifunga ndoano nyingine, nikasogea upande wa mwamba ambako jiwe limeingia chini kama dari. Kwa mbali nilisikia spika ya hekaluni. Walikuwa wanaimba. Baadaye sauti ya Mwenyekiti: “...uongozi bora... tahadhari...” Upepo ukachukua maneno mengine, ukaniletea makofi.

Ndipo mshipi ukaondoka.

Sikupata hata muda wa kutukana. Ulinikata kidole hiki hapa. Nikajua ni kambare, na ni mkubwa, kwa sababu alienda moja kwa moja chini ya lile jiwe kama mtu anayejua mlango wa nyumba yake. Nikavuta, akavuta. Mtumbwi ukageuka ukagonga ule ubao wa marufuku, ukainama. Kisha mshipi ukasimama. Haukukatika, haukulegea. Umenasa.

Mtu mwenye akili angeukata. Mimi nilivua shati nikaingia. Maji yalinifika kifuani, baridi yake inaingia kwenye mifupa. Nikaufuata mshipi kwa mkono mpaka chini ya jiwe, nikazamisha kichwa, nikamshika samaki nyuma ya miiba. Nilipomleta juu, kidole gumba changu kikapita juu ya ile nyama laini ya mgongoni.

Pembe mbili.

Nilisimama pale nimemkumbatia kambare kifuani kama mwehu. Alikuwa amenenepa. Anafungua mdomo na kufunga, masharubu yake yananigusa shingo. Na mimi, badala ya kulia, nikamkaripia. “Unataka nini? Thawabu nimeshakupa! Hata huku umenifuata kunigombeza?” Nilikuwa naongea na Chanhom, nani mwingine? “Sema basi! Ulisikia hukusikia?”

Kambare alinipiga mkia usoni. Hivyo tu. Nikamtoa ndoano, nikamwachia mara ya pili, akaenda.

Lakini mshipi ulikuwa bado umenasa, na ndoano ilikuwa mkononi mwangu. Ulikuwa umezunguka kitu kule chini. Nikazama tena. Nikashika gunia. Gunia la mbolea, mdomo umefungwa kwa waya, zito. Aliyelitupa alilitupa maji yakiwa juu, siku zile baada ya Februari, akijua kwamba shimo halina mwisho. Hakujua kwamba hao hao mabwana zake watakuja kuyakausha maji mpaka mzee akisimama chini yamfike kifuani.

Nililiburuta mpaka kwenye changarawe nikalikata kwa kisu. Mawe matatu ya mtoni. Na king'ora.

Nilikijua. Mdomo umepanuka kama ua la boga, na utepe mwekundu wa siku ile ya sherehe ungali umezungushwa shingoni, sasa umekuwa rangi ya matope. Nilikaa chini. Nikakigeuza. Mimi sijui umeme, sijasoma, darasa la tatu niliondolewa nikachunge nyati. Lakini macho ninayo. Nyuma yake palikuwa na waya mbili fupi zimekunjwa pamoja, zimefungwa kwa kile kikanda cha plastiki cha kiwandani, na ncha zake zina vifuniko vyake, havijafunguliwa. Hakuna mkono uliowahi kuzigusa. Kile kitu hakikuwahi kuunganishwa na chochote. Kilipandishwa juu ya mlingoti kama kofia.

Na kilindi kipo juu ya maporomoko, kivuko kipo chini. Niliona hilo nikiwa nimekaa palepale, nikicheka kicheko ambacho sikukipenda.

Sikuvaa shati. Nililifunga kwenye king'ora, nikakiweka juu ya yule perege, nikateremka na mto.

Ukumbini walikuwa wamefika kwenye picha. Mwenyekiti amesimama katikati na cheti chake chenye fremu ya dhahabu, bwana wa wilaya kulia, na meza mbele yao ina kitambaa cheupe, maua na chupa za maji. Nilipita katikati ya watu, natiririka, nanuka chambo. Nikakivua lile shati, nikakiweka king'ora mezani. Maji machafu yakaenda yakaingia kwenye maua.

Mtu nyuma, nadhani Bounlap, akasema, “Ah, amepata mkubwa.” Kicheko kikataka kuanza kikafa.

“Mjomba,” Mwenyekiti akasema kwa sauti ya upole ile anayoitumia mbele ya wageni, “hujisikii vizuri. Kaeni naye, jamani, mpeni nguo.”

“Nguo ninayo. Hii spika umeitambua?”

“Umeitoa wapi?”

“Kilindini kwako. Kile cha heshima ya marehemu.”

Hapo akapata pa kushika. Rangi ikamrudia usoni. “Mmesikia wenyewe! Amevua mahali palipopigwa marufuku, siku kama ya leo, mbele ya wageni. Mzee mzima! Pale walipoachiwa samaki wa wafu!”

Watu wakaguna. Na waliguna kweli, siwalaumu, kuvua samaki wa thawabu ni jambo baya. Mwanamke mmoja akasema, “Aibu.”

“Nitozeni,” nikasema. “Faini yoyote. Nyati ninaye mmoja, mchukueni. Lakini kwanza mniambie kilifikaje kule.”

“Si nilishasema? Maji yalikichukua.”

“Yakakipandisha maporomoko?”

Akaishika fremu ya cheti kwa mikono yote miwili.

“Yakakitia kwenye gunia la mbolea, yakafunga mdomo kwa waya, yakaongeza na mawe matatu? Maji gani hayo yenye mikono, Vilaysak?”

Safari hii walicheka, hata wanawake wenye hariri, hata mmoja wa wale wanaokula kwake. Bwana wa wilaya akainua kiganja. “Ndugu wananchi, jambo hili limepokelewa. Litashughulikiwa kwa utaratibu. Kifaa kibaki kwetu.” Akamfanyia ishara dereva wake, dereva akanyoosha mikono.

Nilikilalia. Sijui neno lingine, nilikilalia mezani kwa kifua kitupu kama nilivyosema. “Mlikaa chini ya feni mkaandika jina la mke wangu,” nikasema. “Hamkiondoi hapa.”

Dereva alisimama. Wakati huo huo benchi la mbele likalia, mtu ameinuka. Mama Phengsy. Sketi ya hariri aliyoivaa ilikuwa ya Latsamy, ile aliyofumiwa kwa ajili ya harusi. Alikuja mpaka mezani, hakunitazama. Akaweka mkono begani kwangu akanisogeza pembeni, kama mtu anavyosogeza mtoto aliyeziba jiko.

Akakigeuza king'ora. Akaziona zile waya. Akakigusa kile kikanda cha plastiki kwa ncha ya kidole, akakivuta kidogo kuona kama kitatoka. Hakikutoka. Akagusa kifuniko kimoja, kisha cha pili. Alifanya hivyo polepole sana, na ukumbi mzima unamtazama.

“Chanhom hakusikia,” akasema. Hakumwambia mtu, alisema tu, akiangalia zile waya. “Mtoto wangu hakusikia. Hapakuwa na kitu cha kusikia.”

Ndipo akainua uso kwa Mwenyekiti. Hakupaza sauti. Aliuliza kama anavyouliza mtu njia.

Ni mwezi sasa. Cheti kimetundikwa ofisini. King'ora kiko uvunguni mwangu, na Mama Phengsy huja kila jioni kuhakikisha kipo, anakaa jikoni, tunakula mboga bila maneno mengi. Wilaya wameshatuma barua ya faini yangu, hiyo ilikuja haraka. Lakini lile swali lake bado liko palepale mezani alipoliacha, na kila nikikutana na Mwenyekiti njiani namrudishia lilelile, neno kwa neno, naye anageuza pikipiki yake:

“Vilaysak, asubuhi ile ukiwa barazani na kahawa yako, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ulisikia nini?”